Hakuna Mtu wa Mbagala Mwenye Upungufu wa Omega Saba

Mayai mawili ya kuku yana miligramu 200 hadi 300 hivi za asidi ya mafuta iitwayo palmitoleiki, ndiyo hiyo inayouzwa kama omega saba. Kapsuli iliyotumika katika jaribio ambalo wauza virutubisho hulitaja kila wanapofungua mdomo ilikuwa na miligramu 220. Kwa hiyo kijana wa Tandika aliyekula chipsi mayai saa mbili usiku amekwisha kumeza dozi yake ya "omega saba" bila kujua, na hakuna aliyempa hongera. Angeagiza na nusu ya parachichi kubwa pembeni, angekuwa ameongeza dozi nyingine kama tatu.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu upande wa pili hauanzi na hesabu, unaanza na hofu. Kutoka Bunju na Tegeta hadi Chamazi na Mbagala Rangi Tatu maelezo ni yale yale, yawe yametolewa kwenye kibanda cha tiba lishe, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa vikoba, au kwenye ukumbi wa kukodi ambako watu huvaa suti na tai katika joto la Dar. Kwamba chakula chetu kimekosa mafuta fulani adimu. Kwamba mafuta hayo yamo kwenye tunda dogo la rangi ya machungwa linaloota kwenye vichaka vya miiba huko China, Mongolia na Urusi, au kwenye makadamia, kokwa ambayo wengi wetu tuliiona kwanza kwenye rafu ya supamaketi. Kwamba kisukari, uchovu, ngozi kukauka na macho kuwasha vinatokana na ukosefu huo. Na kwamba, kwa bahati njema, mzungumzaji anayo chupa.

Sisemi kwamba maelezo haya yametiwa chumvi. Nasema msingi wake wenyewe haupo. Mafuta haya si adimu, miili yetu haijayakosa, na kama kuna watu wenye sababu ya kujiuliza iwapo wanayo mengi kupita kiasi, basi ni sisi wa ugali mkubwa, wali, soda na chipsi.

Omega tatu, sita, saba, tisa. Zikipangwa hivyo huonekana ndugu wa tumbo moja, na mama aliyewahi kusikia kliniki kuwa omega tatu inamfaa mjamzito hana sababu ya kuishuku ya saba. Kumbe hazilingani hata kidogo. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, mtu na mkewe, wakiwa Minnesota nchini Marekani, walionyesha kwa kutumia panya kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na yakikosekana kwenye chakula mnyama anaugua. Kutokana na kazi ya aina hiyo, mafuta ya lazima kwa binadamu yanayotambuliwa hadi leo ni mawili: asidi linoleiki ya kundi la omega sita, na alfa-linoleniki ya kundi la omega tatu. Saba na tisa hazimo, kwa sababu mwili huzitengeneza wenyewe.

Huitengenezaje palmitoleiki? Kwa urahisi unaochekesha. Ni mnyororo wa kaboni 16 wenye kiungo maradufu kimoja tu. Ndani ya ini na ndani ya mafuta ya mwili kuna kimeng'enya kinachochukua palmitiki, yale mafuta magumu yaliyojaa kwenye mawese, na kuyaondolea atomu mbili za haidrojeni. Kazi imekwisha. Na palmitiki yenyewe si lazima uile. Ukizidisha wanga na sukari kuliko unavyotumia, ini huigeuza ile ziada kuwa palmitiki, na sehemu yake huigeuza tena kuwa palmitoleiki. Ugali unaingia mdomoni, omega saba inaingia kwenye damu. Ndiyo maana hakuna ugonjwa wa binadamu unaoitwa upungufu wa palmitoleiki, wala hakuna kiwango cha kila siku kilichowekwa, kama kilivyo cha vitamini A au madini ya joto.

Asiyeamini aende Shekilango akamtazame kuku wa kisasa. Kifaranga hulishwa mahindi, pumba, mashudu na dagaa kidogo kwa wiki tano au sita, hana pa kukimbilia, anakula na kulala. Kwa ndege, ini ndilo karakana kuu ya kugeuza wanga kuwa mafuta. Ukimchinja na kuyapima mafuta yale ya manjano yaliyoganda tumboni na chini ya ngozi, karibu asilimia 6 yake ni palmitoleiki. Mafuta ya ng'ombe wa Vingunguti yana asilimia 3 au 4. Mafuta ya alizeti ya Singida na mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia hayafiki hata asilimia 1. Yaani kati ya vyote vilivyomo jikoni mwa mama ntilie, kilicho tajiri zaidi kwa hayo mafuta "adimu" ni ngozi ya kuku wa kisasa, ile ambayo mtaalamu huyo huyo wa tiba lishe amekuamuru uibandue na kuitupa. Kuku yule hakuletewa tunda la miiba kutoka Mongolia. Alishibishwa mahindi na kunyimwa nafasi ya kutembea, na ini lake likafanya yaliyobaki. Sioni kwa nini ini la dereva wa daladala anayekaa kwenye usukani tangu alfajiri hadi usiku, huku akishushia mlo kwa soda, lifanye tofauti.

Wauzaji nao wana hoja yao ya kisayansi, na ni haki kuisikiliza, kwa sababu haikutungwa Kariakoo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Gökhan Hotamisligil, walichapisha katika jarida la Cell habari ya panya walioondolewa protini mbili zinazobeba mafuta ndani ya seli. Panya hao walilishwa vibaya lakini hawakuharibikiwa kama wenzao. Mafuta ya miili yao yalikuwa yakimwaga palmitoleiki kwenye damu, na hiyo palmitoleiki ikawa kama ujumbe kwa misuli na ini: itikieni insulini vizuri. Ugunduzi mzuri kweli, na uliamsha wengi. Ila soma tena. Ni panya. Ni panya waliobadilishwa vinasaba. Na ujumbe ulitoka ndani ya mwili wao wenyewe, kwenye mafuta yao, haukutoka kwenye kopo. Kutoka hapo hadi chupa ya Mwenge kuna safari ndefu ambayo mwuzaji ameiruka kwa hatua moja.

Nina kisa kidogo kuhusu mwaka huo huo. Shule ya afya ya jamii ya Harvard, walikotoka watafiti hao, pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe, ilitoa hapa Dar es Salaam majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, yakiwa na vyakula na mapishi tunayokula kweli. Panya wa Harvard wamefika hadi Gongo la Mboto. Majedwali yanayotuhusu sisi sijawahi kumwona mwuza virutubisho hata mmoja akiyafungua.

Hoja yao ya pili ni lile jaribio nililolitaja mwanzoni, lililochapishwa 2014 huko Marekani. Watu 60 waliokuwa na lehemu isiyo sawa na kipimo cha CRP kilichopanda, yaani damu inayoonyesha kwamba mwili una uvimbe wa chinichini, waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu walipewa kapsuli ya palmitoleiki kila siku kwa siku 30, nusu wakapewa kapsuli ya mafuta mengine. CRP ilishuka kwa waliopewa palmitoleiki, na mafuta ya damu yakapungua kiasi. Nayapokea matokeo hayo kama yalivyo. Lakini watu 30 kwa mwezi mmoja hawatoshi kumwambia mtu wa Yombo kwamba kisukari chake kitapona. Jaribio halikuhesabu nani alipata kisukari, nani alipata kiharusi, nani alipona nini. Lilihesabu namba za maabara kwa wiki nne.

Kisha kuna suala la maziwa, na hapa ndipo penye changa la macho hasa. Mwaka 2010 utafiti wa wazee wa Marekani zaidi ya 3,700 ulionyesha kwamba waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha aina fulani ya palmitoleiki kwenye damu walipata kisukari kwa uchache kuliko wenzao. Wauzaji huusoma utafiti huo kwa sauti. Wanachoruka ni kwamba aina hiyo ni ile inayotoka kwenye maziwa na mafuta ya wanyama wanaocheua, yenye atomu zile zile lakini umbo lililonyooka tofauti. Ile iliyomo kwenye makadamia, kwenye tunda la miiba na kwenye kapsuli ni nyingine, iliyopinda. Mwilini umbo ndilo linaloamua kazi, kwa hiyo ushahidi wa moja hauwezi kukopwa na nyingine.

Tuje kwenye iliyopinda, maana ndiyo inayouzwa. Mwaka 2020 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 17 zenye watu zaidi ya 65,000, waliopimwa na kufuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa na palmitoleiki nyingi zaidi ndio walioelekea zaidi kupata kisukari cha aina ya pili baadaye. Zaidi, si kwa uchache. Sitafanya kosa la wapinzani wangu kwa kugeuza shilingi upande wa pili na kudai kwamba mafuta haya ni sumu. Palmitoleiki hiyo nyingi kwenye damu ni moshi. Unakuonyesha kwamba mahali fulani ini linaunguza wanga wa ziada na kuugeuza mafuta, na ni huo wanga unaopaswa kuzimwa. Lakini mtu ambaye moshi umemjaa nyumbani, kisha anauziwa moshi zaidi wa chupa kwa fedha yake mwenyewe, ana haki ya kuulizia.

Fanya hesabu nyingine. Mafuta yanayohifadhiwa mwilini mwa mtu mzima huwa na palmitoleiki ya asilimia kadhaa. Tukadirie kwa uchache, asilimia 4. Mtu wa kilo 70 ambaye 15 kati yake ni mafuta, na huyo hana kitambi, ni mtu wa kawaida wa barabarani, anatembea na gramu 600 za omega saba. Ili kuzimeza hizo kwa kapsuli za miligramu 220 angehitaji kapsuli zaidi ya 2,700, moja kila siku kwa miaka saba na ushee. Huyo ndiye aliyeambiwa ana upungufu.

Na aliambiwaje? Mara nyingi kwa kile kifimbo cha chuma. Unakishika kiganjani kwa dakika moja, waya unaingia kwenye kompyuta, karatasi inatoka ikiwa na orodha ndefu: ini limechoka, kongosho limelegea, mafuta muhimu yako chini ya kiwango. Palmitoleiki haipimwi kwa kushika chuma. Inapimwa kwa kuchukua damu, kuyatenga mafuta yake na kuyapitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, kazi ya maabara kubwa na ya gharama, ambayo hospitali zetu za wilaya hazina sababu ya kuifanya kwa sababu majibu yake hayambadilishii daktari matibabu. Mwuzaji akisema bidhaa ina alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, ni sawa: tangu 2019, mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilipogeuzwa kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba, usimamizi wa chakula ulihamia TBS. Ila alama ya ubora wa chakula haithibitishi kwamba chakula hicho kinatibu kongosho.

Hadi hapa nadhani baadhi ya wasomaji wananishangilia, na hao nao nina neno nao. Kuna kundi la pili, la wazalendo wa lishe, wanaosema: tusinunue kapsuli za Wazungu na Wachina, omega saba tunayo kwenye dagaa wetu. Ni kweli wanayo. Vijimea vidogo vya majini viitwavyo diatomu hutengeneza palmitoleiki kwa wingi. Wadudu wa majini huvila, dagaa huwala wadudu. Ndiyo maana mafuta ya uono, ya simu na ya samaki wengine wadogo wa makundi yana palmitoleiki nyingi kuliko mafuta ya mimea tunayopikia. Dagaa mchele wa Kunduchi, dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, wote wamo kwenye mlolongo huo.

Lakini kumsifu dagaa kwa omega saba ni kumdhalilisha. Dagaa anatupa protini, kalsiamu kwa kuwa tunamla na mifupa yake, chuma, vitamini B12, na kiasi cha omega tatu, ambayo ni kundi la lazima kweli. Mtoto wa Mbagala anayenyimwa dagaa anapungukiwa na vitu vyenye majina na vyenye madhara yanayojulikana. Hapungukiwi na palmitoleiki. Tukianza kuandika kwenye mifuko ya dagaa "chanzo asilia cha omega saba" tutakuwa tumekubali uongo ule ule, tofauti ikiwa ni bei. Kesho yake atatokea mjanja, atamsaga dagaa, atamtia kwenye kopo lenye picha ya moyo, na atamuuza mara kumi. Vivyo hivyo parachichi za Rungwe na Njombe: gramu 100 za nyama yake zina kama miligramu 700 za palmitoleiki, nazo ni kidogo mno kando ya asidi oleiki, nyuzinyuzi na potasiamu zilizomo. Watu wanaila kwa ajili ya utamu na shibe, na waendelee hivyo hivyo.

Makadamia ndiyo bingwa, sikatai. Karibu theluthi mbili hadi robo tatu ya kokwa ni mafuta, na sehemu kama moja ya tano ya mafuta hayo ni palmitoleiki. Konzi ya gramu 30 ina karibu gramu 4, sawa na kapsuli kama 18 za lile jaribio. Wakenya wanazo tele, nchi yao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na hatujasikia kwamba Murang'a na Embu wameaga kisukari. Lile tunda la miiba nalo lina mtego wake: mafuta ya nyama ya tunda yana palmitoleiki nyingi, yapata theluthi moja, lakini mafuta ya mbegu zake yana kidogo sana. Chupa nyingi huandikwa jina la tunda kwa herufi kubwa, na neno "mbegu" likawekwa pembeni kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Kwa nini nakereka hivi kwa mafuta ambayo nimesema si sumu? Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya vijiji sita vya Tanzania, na kisukari hakikufika asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Umri na njia za kupima hazikuwa sawa, kwa hiyo si vema kuzitoa namba hizo moja kwa moja kwenye nyingine. Lakini hakuna daktari wa Temeke atakayekuambia kwamba mwelekeo ni mwingine. Kilichobadilika katikati hapo ni maisha. Tumeacha kutembea, tumezidisha wanga uliokobolewa, sukari ya kunywa na mafuta ya kukaangia yaliyochemshwa mara nyingi. Mtu huyo huyo, mwenye ini linalofanya kazi ya ziada, anaambiwa kuwa tatizo lake ni kitu alichokosa. Ni ujumbe mtamu. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza, na hakuna anayepata kamisheni kwa kukushauri upunguze ugali na ushuke kituo kimoja kabla ya chako.

Wapo watakaoniambia: mwache mtu, fedha ni yake, kapsuli haimdhuru. Ingekuwa imeishia kwenye fedha ningenyamaza, ingawa fedha hizo ni za ada na kodi ya chumba. Lakini kwenye hayo makundi ya WhatsApp ushauri haukomei kwenye kumeza kapsuli. Hufuata sentensi nyingine: "dawa za hospitali zina kemikali, zipumzishe kwanza." Metformini na vidonge vya shinikizo la damu vikiwekwa kando kwa miezi miwili, figo na macho havisubiri. Hapo ndipo chupa ya mafuta yasiyo na madhara inapopata madhara.

Sukari ya kufunga hupimwa kwa tone la damu, kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, na namba hutoka pale pale. Mwuzaji anayetangaza kuwa omega saba yake inatibu kisukari aanze kwa kuleta namba hizo za wateja wake, za kabla na za baada ya miezi mitatu, na kando yake orodha ya dawa za hospitali walizoendelea kumeza wakati huo huo.